Jikoni Hakuingiwi Pekupeku

Nyumba nyingine mgeni huvua viatu mlangoni, na mambo ya viatu yakaishia hapo. Nyumbani kwa Injinia alivua kama kwingine kokote, akakaa sebuleni, akanywa chai, na akiinuka kupeleka kikombe jikoni alivishwa vingine. Pale kwenye kizingiti cha jikoni palikuwa na kapu la kandambili za mpira, kubwa kwa ndogo, na mke wa Injinia hakumruhusu mtu kupita bila kuchagua jozi.

"Vaa hizi, jirani. Sakafu yetu ina baridi."

Sakafu haikuwa na baridi hata kidogo. Friji ndilo lililokuwa likipiga umeme.

Kiangazi lilitekenya tu, kama sisimizi anayepita kiganjani. Mvua zikianza na kuta zikilowa, liling'ata. Aliyevaa kandambili kavu alifungua, akatoa maji yake, akafunga, asijue kilichompita. Aliyekwenda pekupeku aliruka nyuma huku mkono ameukumbatia kama aliyenyang'anywa kitu. Pasi nayo ilikuwa na tabia hiyohiyo, na birika la chuma pia, lakini hivyo wageni hawakuvigusa. Friji ndilo lililohitaji adabu.

Basi mke na mume walikaa na siri yao, na kapu likawaletea sifa ambazo hawakuzitafuta. Dada yake Injinia, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi, alitangaza mtaa wote kwamba kwa kaka yake kuna ustaarabu: viatu vya nje mbali, vya jikoni mbali. Jirani wa ng'ambo akaona asipitwe. Akanunua kapu na yeye, akaliweka mlangoni pa jiko lake, ingawa friji lake lilikuwa pole kama mto wa kulalia.

Injinia mwenyewe hakuwa injinia. Alikuwa mtunza stoo katika kampuni ya kusimamisha nguzo za umeme, na kazi yake ilikuwa kuwapa mafundi glavu na mikanda asubuhi, na kuvipokea jioni vikinuka jasho. Jina alipewa siku alipomweleza fundi mkuu namna ya kupanda nguzo, ilhali yeye hajawahi kupanda hata kiti. Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko hakikumwingia, jina ndilo lililomwingia. Alipostaafu alirudi nalo nyumbani, pamoja na picha moja kubwa.

Katika picha ile meneja alikuwa akimkabidhi saa ya ukutani. Macho ya meneja yalikuwa pembeni, yakimtafuta mtu mwingine, lakini mikono yao ilikuwa imeshikana, na hilo lilimtosha Injinia. Aliitia fremu ya rangi ya dhahabu, akaitundika sebuleni juu kidogo ya soketi ya televisheni, kwa msumari wa kupigilia mbao za paa. Mkewe alipouliza kama msumari mdogo usingetosha, alijibiwa kwamba picha ya heshima haining'inii kwa kipini.

Umeme wa nyumba ulikuwa wake peke yake, kama mfalme na kiti chake. Fyuzi ilipozoea kuungua, alitoa ule uzi wake mwembamba akatia waya mnene. "Hii sasa haitaungua tena," alisema. Na kweli haikuungua tena. Vilivyoungua baada ya hapo vilikuwa redio, pasi ya kwanza, na swichi ya chumbani iliyogeuka rangi ya kahawia kama mkate uliosahauliwa motoni. Kuhusu friji alikuwa na maelezo yake.

"Friji likitekenya ujue umeme umeshiba. La jirani halitekenyi kwa sababu wao umeme wanaopata ni makombo."

Mkewe hakubishana. Maneno ya mumewe yalikuwa marefu, na yeye alikuwa na vyungu motoni. Lakini macho alikuwa nayo, na macho hayo yalihesabu kila mguu uliovuka kizingiti kile. Hata binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali, alipokuja mara moja tangu kapu liwekwe, alivishwa kandambili kama mgeni na kuambiwa habari za baridi.

Ndipo binti huyo akapiga simu.

"Mama, tunakuja! Jumamosi asubuhi tunaondoka huku. Tutakaa mpaka mwenzangu arudi safari yake."

"Karibuni, mwanangu, karibuni sana. Mjukuu wangu hajambo?"

"Huyo? Hashikiki. Ameanza kutambaa. Ukigeuza uso tu ameshafika jikoni, anasimama kwa kushika friji."

Mama mtu alikaa kwenye kigoda bila kuangalia kama kigoda kipo. Alimsikia binti akiendelea kusema habari za jino na uji, akawa anaitikia "ee, ee," lakini yeye alikuwa akiona viganja viwili vidogo, vimelowa mate, vinapanda juu ya mlango wa friji.

Kesho yake alikwenda dukani, akakuta viatu vya mtoto vya mpira, vidogo mno, vinapendeza. Akavishika. Mwenye duka alianza kumsifia chaguo lake. Yeye akawa anaviangalia tu. Magoti je? Mikono je? Mtoto anayetambaa ana miguu minne, na yote minne iko pekupeku. Akavirudisha mahali pake, akatoka bila kuaga.

"Mzee," alimwambia mumewe jioni ile, "mtoto anakuja. Tuite fundi auangalie huu umeme."

Injinia alishusha gazeti polepole. "Fundi? Katika nyumba ya Injinia? Watu watasemaje?"

"Watasema umepata mjukuu."

"Mtoto atavaa kandambili kama watu wote."

"Mikononi?"

Injinia alikohoa, akatafakari, akainuka. Alikwenda kwenye meza ya chakula, akavuta kiti kimoja, akakisukuma mpaka mbele ya friji. "Haya. Uzio huo. Mtoto akifika hapa anakwama."

Akarudi kwenye gazeti lake ameridhika. Kiti chenyewe kilikuwa cha chuma, na alikiegemeza kwenye mlango wa friji. Mkewe, kwa haraka akisahau kandambili, aliponyoosha mkono kukiondoa, kikamng'ata. Badala ya kitu kimoja cha kumwogopea mtoto, sasa vilikuwa viwili.

Hapo ndipo alipoacha kuomba ruhusa. Siku Injinia alipokwenda kunyolewa, na kinyozi wake alikuwa mtu wa kupenda mazungumzo, yeye alimwita fundi.

Fundi huyu mtaani alijulikana kwa jina la Miwani, kwa sababu miwani yake ya jua aliivaa kisogoni, kana kwamba anaogopa jua litamvizia kwa nyuma. Alikuwa na simu mbili na maneno yasiyopungua. Kabla hajafungua mkoba alikuwa ameshasimulia nyumba za wakubwa alizozitia nyaya na wakubwa wenyewe walivyomshukuru. Mama wa watu alianza kujuta. Lakini Miwani alipofika kwenye swichi kubwa alinyamaza, na huko kunyamaza kukampa mama moyo. Aliizima, akachomeka kufuli dogo jekundu, akafunga, ufunguo akautia mfukoni. Kisha akatoa kipimo, akakijaribu kwanza, akapima kila mahali kuhakikisha umeme umekatika kweli.

"Kufuli la nini tena, baba?" mama aliuliza. "Nyumbani niko mimi tu."

"Mama, mara moja nilikuwa na mikono yangu yote ndani ya boksi, mwenye nyumba akawasha. Alitaka kusikiliza taarifa ya habari." Akainua mkono wa kushoto kuonyesha kovu. "Tangu siku ile simwamini mtu mwenye redio."

Hakuwa amekosea. Haukupita muda, mlango wa mbele ukafunguliwa, Injinia akaingia na kichwa kinachong'aa, akakuta feni imesimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa akaanza kuipandisha kwa nguvu.

"Nani kaufunga umeme wangu?"

"Mimi, mzee," sauti ya Miwani ilitoka nyuma ya mlango wa boksi la fyuzi. "Na vidole vyangu vinakushukuru kwa kushindwa."

Injinia alimtazama mkewe, mkewe akatazama dari. Miwani akatoka ameshika ile fyuzi yenye waya mnene, anainyanyua kama mtu aliyekuta panya kwenye sukari.

"Hii nayo ni fyuzi, au kamba ya kufungia ng'ombe?"

"Hiyo ni imara," Injinia alisema. "Haijaungua hata mara moja."

"Haiwezi kuungua. Itaungua nyumba kwanza, hii itabaki."

Akarudi kwenye boksi, akawa anafuatisha nyaya kwa kidole. Akaguna. Akafuatisha waya mmoja wa kijani wenye mstari wa njano mpaka unapotokea nje, akatoka uani, nao wakamfuata. Nje ya ukuta waya ule ulichungulia kidogo tu, kama ulimi, halafu basi. Ulikuwa umekatwa safi. Ng'ambo ya pili ya ua, ardhini, palikuwa na kichwa cha fimbo ya shaba kimeota kutu ya kijani, hakina hata uzi mmoja.

"Waya wa ethi umekatwa. Uliobaki uko wapi?"

Macho ya mke wa Injinia yalihama yenyewe. Kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo ya choo, umevutwa ukavutika sawasawa, ulikwenda waya wa kijani wenye mstari wa njano. Juu yake zilining'inia shuka, taulo na sidiria yake. Aliukumbuka mwaka mumewe alipoufunga na kumwambia: "Haya, mke wangu, kamba isiyooza." Siku ile alifurahi. Alikuwa akianika nguo juu ya usalama wa nyumba yake, kila wiki, kwa vibanio.

"Ule waya ulikuwa haufanyi kazi," Injinia alisema kabla hajaulizwa. "Niliukata, taa zikaendelea kuwaka. Televisheni ikaendelea. Sasa kazi yake ilikuwa nini?"

Miwani alivua miwani kisogoni, akaipangusa, akairudisha kisogoni.

"Mzee, mlango wa dharura nao haufanyi kazi siku zote. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye bati la friji, unatakiwa upite hapa, uende ardhini, fyuzi ikatike, mjue kuna shida. Ukiukata, umeme unabaki kwenye bati unamngoja mtu. Na wewe huko kwenye fyuzi umeweka chuma kisichokatika. Hapa mmeishi kwa huruma ya nani, mimi sijui."

Kwa kazi ya umeme Miwani alikuwa mwepesi kuliko kwa mdomo, na mdomo wake ulikuwa mwepesi sana. Alileta boksi jipya lenye swichi zinazojikata zenyewe, moja ya taa, nyingine ya soketi, na juu yake akaweka kifaa alichokiita kinga, cha kukata umeme wote ukivuja popote. Alipigilia fimbo mpya ya shaba, akavuta waya mpya wa ethi kutoka ndani mpaka kwenye fimbo, kwa bomba lake, pasipo mtu kutundika kitu. Alipomaliza alimwita mama peke yake.

"Tazama hiki kitufe. Kila mwezi ukibonyeze. Kinga ikijizima, ni nzima. Ikikaa kimya, hapana kinga, hata kama taa zinawaka kama harusini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Akabonyeza, ikajizima. Akaipandisha. Akapandisha swichi ya taa, taa zikawaka. Akapandisha swichi ya soketi. Tap! Nyumba nzima ikazimika.

Injinia alicheka cheko la kwanza tangu kunyolewa. "Si mnaona? Kidude kibovu! Zamani nyumba hii haikuzimika hata mara moja."

Miwani alizunguka nyumba akachomoa kila kitu: friji, pasi, birika, televisheni, chaja za simu. Akawasha tena. Tap!

"Basi friji mmelisingizia miaka yote," alisema. "Halina kosa. Umeme unavuja humo ukutani, unaingia kwenye waya wa ethi, na waya wa ethi umeshikana na kila bati la nyumba hii."

Alifunga tena kufuli lake jekundu. Alifungua soketi moja baada ya nyingine, akaachanisha nyaya, akapima kila kipande peke yake kwa mashine yake. Kipande cha jikoni, kizima. Cha chumbani, kizima. Kilichobaki ni kile kinachoshuka kutoka darini kuja kwenye soketi ya televisheni. Alipima mara mbili. Halafu akainua macho ukutani, taratibu, akakutana na Injinia na meneja wake.

"Msumari wa picha hii una urefu gani?"

"Wa kutosha," Injinia alisema.

"Mzee, nyaya haziruki ovyo ukutani. Zinapanda wima juu ya soketi, zinashuka wima chini ya swichi. Juu ya soketi hapigiliwi kitu. Naomba tuishushe hiyo picha."

Ndipo Injinia alipokasirika kweli. Alisimama mbele ya picha ameikinga kwa mabega. Alisema ukuta ule haupasuliwi na mtu anayevaa miwani nyuma. Alisema msumari ule una miaka pale na haujalalamika. Alisema amezishika glavu za mafundi wa kila aina, na mafundi hasa hawakuwa na maneno. Miwani naye hakuwa mtu wa kutukanwa akabaki. Alikusanya vyombo vyake, akazima swichi ya soketi, akabandika juu yake utepe mwekundu.

"Hii isiwashwe. Taa mtapata. Friji na televisheni mtavikosa mpaka ukuta ufunguliwe, maana soketi zote zinapokea kwenye swichi hii moja. Siku mkitaka kuufungua, namba yangu mnayo." Akamwangalia mama. "Kitufe, mama."

Siku mbili zilizofuata nyumba ilikuwa na taa na haikuwa na amani. Shangazi alikuja kuangalia mchezo wake wa kila siku kwenye televisheni, akaikuta imekufa, akashika tama.

"Wifi, kumbe ndiyo maendeleo haya? Mmenunua kidude cha kuwanyima umeme? Zamani kaka alikuwa anashika hivi na hivi, mambo yanakwenda."

"Mtoto anakuja, wifi."

"Watoto wangapi wamekulia nyumba zenye umeme? Wewe nawe una roho ya kuku."

Ijumaa mke wa Injinia alitoka kwenda kununua sabuni ya mtoto na neti. Aliporudi, kabla hajafika mlangoni, alisikia televisheni ikipiga kelele. Aliingia. Shangazi alikuwa ameketi amekunja nne, meno yote nje. Injinia alikuwa amesimama katikati ya sebule, bisibisi mkononi, kifua mbele. Huko jikoni friji lilikuwa likinguruma.

"Nimelitengeneza," Injinia alisema. "Dakika chache tu. Fundi wako angekaa wiki."

Mkewe aliweka sabuni mezani. Alikwenda kwenye boksi jipya. Utepe mwekundu ulikuwa sakafuni. Alibonyeza kitufe. Hakuna kitu. Alikibonyeza tena, kwa nguvu, kwa kidole gumba. Televisheni iliendelea kucheka. Pembeni ya kinga aliona kijiti cha waya kimechomekwa juu kikatokea chini, umeme unapita hapo kama mtu anayeruka foleni.

Alizishusha swichi zote. Televisheni ikakatika katikati ya neno.

"Wifi!" Shangazi alipiga kelele. "Ndiyo alikuwa anataka kumtaja baba wa mtoto!"

Yeye alikuwa ameshafika ukutani. Aliweka kiganja kando ya fremu ya dhahabu. Ukuta ulikuwa na joto, joto lile la paji la uso la mtoto mwenye homa. Alikiacha kiganja pale kidogo, maana joto la namna hiyo alilijua, na hakuwahi kulala mtoto akiwa nalo. Kisha alichukua simu, akaweka sauti kubwa ili kila aliyekuwamo asikie, akampigia binti yake.

"Mama! Nafunga mizigo hapa."

"Fungua."

"Eti?"

"Fungua mizigo, mwanangu. Usimlete mtoto."

Shangazi aliketi vizuri. Mchezo wa leo ulikuwa umehamia ndani ya nyumba.

"Kuna nini, Mama? Baba anaumwa?"

"Baba yako mzima, ana nguvu zake. Friji letu linapiga umeme. Limepiga tangu alipostaafu. Zile kandambili si za baridi. Nilikudanganya wewe, nimewadanganya na wageni wote. Fundi alikuja akatuwekea kinga, na baba yako leo ameipita kwa kipande cha waya ili watu waangalie televisheni. Ukuta una moto. Mimi mtoto wako simpokei kwenye nyumba hii."

Shangazi aliinua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni, akaikunja juu ya kochi.

"Baba yupo?" sauti ya binti ilikuwa imebadilika.

"Yupo. Anakusikia."

"Baba, ni kweli?"

Injinia alikohoa. "Mama yako anatia chumvi. Ni mtekenyo tu. Na kile kidude..."

"Baba, mimi sijui mambo ya vidude. Wewe ndiye unayejua umeme, tangu zamani unatuambia. Basi niambie wewe. Nimlete mtoto, au nisimlete? Ukisema nimlete, namleta."

Ilikuwa imebaki kusema neno moja tu. Injinia alifungua mdomo kulisema. Alimtazama mkewe, aliyekuwa amemnyooshea simu kama mtu anayekabidhi sahani. Alitazama mlango wa jikoni. Mtu huyu aliyekuwa na jibu la kila kitu, na hasa la vitu asivyovijua, akaufunga mdomo.

"Ngoja kwanza," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtunza stoo.

"Kaka!" Shangazi alidakia kutoka kochini. "Kwa hiyo mimi miaka yote hii nilikuwa napeleka vikombe kwenye..."

"Nyamaza, wewe."

"Nimemtangazia mtaa mzima ustaarabu!"

Miwani alirudi jioni ileile, kukiwa bado na mwanga, akitembea kama mtu anayejua aliitwa mara ngapi. Alichomoa kile kipande cha waya akakiweka kwenye kiganja cha Injinia, akavifunga vidole juu yake.

"Kinga inapojizima inakwambia neno, mzee. Wewe umeiziba mdomo."

Kufuli jekundu likafungwa, kipimo kikapita, na picha ikashushwa. Waliigeuza. Karatasi ya nyuma ilikuwa na doa la kuungua la rangi ya kahawia, la ukubwa wa kikombe, nyuma ya kichwa cha Injinia hasa. Meneja hakuguswa. Msumari ulipovutwa ulitoka na ncha nyeusi. Miwani alichimba lipu, akafikia bomba, akakuta msumari umelipenya na kuzichoma nyaya zilizomo, ngozi yao imeyeyuka, waya wa moto na wa ethi zimekaribiana kama wambea wawili. Alizitoa zile nyaya zote kutoka darini mpaka kwenye soketi, akavuta mpya. Akapima. Akawasha. Kinga ikatulia mahali pake. Akabonyeza kitufe, ikaanguka. Akaipandisha, ikakaa.

Mke wa Injinia alikunjua mkono kuelekea mlango wa friji. Miwani akamzuia.

"Mkono si kipimo, mama. Ngoja." Akaweka vidude vya kipimo chake kwenye bati, akamwonyesha kioo.

"Hapana kitu?"

"Hapana kitu."

"Na ubavuni?"

"Hapana."

"Na chini, pale mtoto anaposhika?"

Alimpimisha mlango, ubavu, nyuma, pasi, birika, kile kiti cha chuma, na bomba la maji. Miwani, aliyezoea kusifiwa na wakubwa, alipima kila kitu bila kunung'unika mpaka alipoambiwa apime vijiko. Hapo alikataa.

Binti alikuja na mtoto Jumatatu. Kufika jioni Injinia alikuwa ameshasimama mlangoni na majirani wawili, anaeleza.

"Mimi niliuhisi ukuta. Nikamwambia yule kijana, usihangaike na friji, friji halina kosa. Toboa hapa."

Mkewe alimsikia, akamwacha. Ameshanyang'anywa msumari, kumnyang'anya na hadithi kungekuwa ukatili. Jirani wa ng'ambo alisikiliza kwa makini, akauliza kama sasa na yeye itambidi atoboe ukuta. Shangazi hakutia mguu jikoni tena. Vikombe alivipokeza mlangoni kwa mkono ulionyooka, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua.

Mtoto aliwekwa sakafuni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaanza safari. Magoti yake yalipiga sakafu tap, tap, tap, na bibi yake akamfuata hatua moja nyuma, ameinama, mikono mbele. Mtoto alivuka kizingiti. Alilifikia friji. Alipandisha kiganja kimoja, kikateleza kwa mate, akapandisha tena, akasimama. Akaweka na shavu. Akaulamba mlango.

Bibi hakupumua. Friji lilinguruma kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini, na mtoto akacheka.

"Mama, mbona unalia?" binti aliuliza kutoka sebuleni.

"Silii. Vitunguu."

Hapakuwa na vitunguu. Mtoto alichoka na friji kama watoto wanavyochoka na kila kitu, akakaa kwa kishindo, akatambaa mpaka chini ya meza. Huko aliokota kitu kinachong'aa, akakigeuza, akakitia mdomoni. Miwani, fundi wa wakubwa, alikuwa amesahau skrubu ya soketi.

Binti alipokuja mbio alimkuta mama yake amelala kifudifudi chini ya meza, kidole kimezama mdomoni mwa mjukuu, akimbembeleza: "Toa, baba, toa. Mpe bibi. Toa."